Susu wa Debe Nusu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilikaribia kufa kwa sababu ya suruali. Cheka sasa, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti, akizunguka makanisa ya huku Zombe, Kitui, kwa baiskeli nyeusi yenye keria pana. Alipofariki aliniachia mimi ile baiskeli, si kaka zangu, na maneno yaliyosemwa nyumbani kwetu sitayarudia. Miaka hiyo ya sabini msichana juu ya baiskeli alitazamwa kama mbuzi aliyepanda paa. Nami, ili sketi isinaswe na mnyororo, nilivaa suruali ya kaka yangu. Watu wakapata la kusema hadi kanisani.

Baadaye nikapata kazi ya ualimu katika shule moja upande wa Salama, kule Makueni. Mwalimu mkuu alinieleza wazi kwamba nisipokuwa darasani Jumatatu, nafasi itapewa mwingine. Nyumbani nilikuwa na mama mjane ambaye tegemeo lake lilikuwa mimi. Basi la kwetu lilikuwa limeharibika injini wiki hiyo, kwa hiyo nikafunga sanduku langu kwenye keria, nikaondoka peke yangu.

Mtu mwenye akili angefuata barabara: Kitui mjini, Kwa Vonza, halafu mbele. Mimi nilishika njia ya ng'ombe, ile ambayo Wasomali wenye biashara ya mifugo walipitishia makundi yao porini. Nilimwambia mama kwamba ni njia ya mkato. Uongo mtupu. Niliishika kwa sababu porini hakuna macho ya watu.

Njia ile ilinitesa. Miiba ya migunga ilinitobolea tairi hadi viraka vikaisha, mwishowe nikashindilia nyasi ndani ya tairi la nyuma na kuendelea hivyo hivyo, nikiruka kwenye mawe na kusukuma penye mchanga. Nililala kwa jamaa ya mama, na Jumamosi mchana nikafika mto Tiva.

Wewe uliyezoea maji ya bomba huenda hujui mto wa mchanga. Miezi mingi hauna tone juu yake. Watu huchimba shimo mchangani, maji yakajikusanya chini, na kila shimo lina mwenyewe na ua wake wa miiba. Njia ya ng'ombe ilishuka hapo mtoni, ikavuka mchanga na kupanda ng'ambo.

Nilimkuta bibi mmoja kando ya shimo lake, susu kama tunavyowaita bibi zetu sisi Wakamba, akimpakia punda madebe. Debe moja lilikuwa nusu, naye alikuwa anaondoka. Mwanangu, Mkamba gani huacha maji shimoni na debe lake halijajaa? Nilimsalimu, nikamuuliza. Akanyoosha kidevu kuelekea juu ya mto, mbali, ambako vilima vilikuwa vyeusi kwa mvua. Pale tuliposimama jua lilikuwa linachoma. Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo wasemavyo, lakini mto wa mchanga haungoji wingu la juu ya kichwa chako.

Akaniambia nirudi, nifuate ukingo mpaka barabarani, nivuke kwa daraja. Nikamshukuru kwa adabu zote, nikatazama ng'ambo. Palikuwa karibu tu. Kufuata barabara kulikuwa na maana ya kupita Kwa Vonza, na siku ile ilikuwa ya soko, watu tele. Nikashuka mchangani.

Katikati ya mto lile tairi la nyasi likazama. Nikavuta, likazidi kuzama. Upepo wa baridi ukanipiga usoni ukiwa na harufu ya udongo uliolowa, na punda akalia kule ukingoni. Kisha nikasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, na pale hapakuwa na barabara. Niliogopa kuacha baiskeli ya baba, na niliogopa kubaki nayo.

Ghafla baiskeli ikavutwa nyuma. Susu alikuwa amerudi mchangani, miguu mitupu, ameshika keria kwa mikono miwili. Tulivuta, tukaanguka, tukavuta tena, na tulipokuwa tunapanda ukingo kwa kushika mizizi maji yalikuwa tayari yanatulamba visigino. Nilipogeuka niliona mto mwekundu umebeba miti mizima. Shimo la susu na ua wake havikuwepo.

Alikaa chini akihema. Akaniuliza, "Unaogopa nini huko barabara?"

"Watu, Susu. Watanicheka."

Akajipangusa matope miguuni.

"Mimi niko na wajukuu nyumbani wananingoja na hii maji," akasema. "Leo wangekosa susu yao, kwa sababu wewe unaogopa kuchekwa."

Mwanangu, ile niliyokuwa nikiiita aibu siku zote haikuwa aibu. Aibu niliijua hapo. Nililia, naye hakunibembeleza. Pumzi zilipomrudia alinishika viganja, akavitemea mate kidogo kama wazee wetu wafanyavyo wakibariki, akaniambia nishike barabara.

Nikashika barabara. Nilisukuma baiskeli hadi darajani, nikavuka, nikaingia Kwa Vonza na suruali yangu imejaa matope. Kila mtu alinitazama. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mwenye kofia ya kushonwa, akanijia na wenzake nyuma yake. Nikakaza moyo kungoja matusi.

"Dada," akasema, "Tiva imejaa maji? Ng'ombe yangu iko ng'ambo."

Walikuwa wakitazama matope! Nikawaeleza, wakaondoka mbio. Fundi wa baiskeli alizichomoa nyasi kwenye tairi, akaniuliza namfugia mbuzi gani humo ndani. Akina mama fulani walicheka, ndiyo, sitakudanganya. Kicheko chao kiliishia kwenye duka la mwisho, nami nikaendelea na safari. Jumatatu nilikuwa darasani, mwili wote ukiniuma.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukijiona unang'ang'ania njia ya miiba, jiulize bila kujidanganya: ni ujasiri, au unawakimbia watu? Kubadili njia si kushindwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Macho ya watu hayatoboi tairi, mwanangu, wala hayazamishi mtu. Na ukikataa kuonywa, kumbuka kwamba atakayeingia mchangani kukutoa ni mtu mwenye wajukuu wake wanaomngoja.

Haya, nyoosha viganja nikutemee mate ya baraka. Mungu akupitishe mchana, mbele za watu, ukiwa umeinua kichwa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usimkose susu wa debe nusu.