Dole Gumba la Mtu wa Kisanga

Pa. Kimya. Pa. Kimya.

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa ndala moja ikigonga sakafu ya saruji, ikifuatiwa na hatua isiyo na sauti, kisha ndala tena. Mtu mwenye ndala mbili hupita bila masikio yako kuwa na habari naye. Huyu alinifanya ninyanyue kichwa.

Najua unachofikiri. Mvua ilikuwa inanyesha, umeme ulikuwa umekatika, binti wa watu alikuwa peke yake na maiti, basi akasikia ya kusikia. Hata mimi nilijiambia hivyo kwa wiki nyingi. Miaka mitatu chuoni nimefundishwa namna ya kumtilia shaka shahidi, na shahidi wa kwanza niliyemkana ni mimi mwenyewe. Lakini jambo hili lilitokea, tena mchana, saa tisa alasiri, katika chumba cha maiti cha hospitali ndogo jirani na Mikumi. Niamini, au nisikilize tu kwanza.

Nasomea sayansi ya uchunguzi wa jinai. Kwetu ni Kimamba, na pale mtaani mama huwaambia watu kwamba nasomea udaktari wa polisi, kwa sababu amechoka kueleza. Tunajifunza alama za vidole, damu, sumu, saini za kughushi. Ukimaliza unaweza kuajiriwa maabara, polisi, benki, hata hifadhini. Mimi nilitaka hifadhini. Mtu akikamatwa na kipande cha nyama kwenye kiroba, anasema ni ng'ombe, na wewe unapima na kusema ni nyati. Niliiona ni kazi safi. Nyama haina mke anayeisubiri nyumbani.

Kabla ya kumaliza lazima uende mafunzo kwa vitendo, ambayo sisi wanachuo tunayaita fildi. Mimi nilipangiwa ofisi moja mjini Kilosa. Siku moja, Ijumaa, msimamizi wangu akanituma Mikumi. Kulikuwa na mwanamume aliyegongwa na lori alfajiri kwenye barabara kuu, majuma mawili nyuma. Hakuwa na simu wala kitambulisho, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Kazi yangu ilikuwa kuchukua alama za vidole vyake zikalinganishwe na kumbukumbu za vitambulisho vya taifa. Zikipatikana, anarudi kwao akiwa na jina. Zisipopatikana, wiki inayofuata halmashauri inamzika kwa namba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kazi ya peke yangu, na niliapa kwamba mtu yule hatazikwa kwa namba.

Mhudumu wa chumba kile alikuwa mama mmoja wa milimani, Mama Neema, mcheshi kuliko kazi yake. Aliponiona navaa glavu jozi mbili aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwani huyu hajawahi kumlalamikia mtu. Alinisaidia kuloweka vidole vya marehemu kwenye maji ya vuguvugu, maana vilikuwa vimekauka na kukunjamana. Ukivilainisha, unavifuta, unavipaka wino, unabandika karatasi. Tukamaliza mkono wa kulia. Kwenye dole gumba kulikuwa na kovu la zamani lililokata katikati ya mistari, limenyooka kama reli.

Maji yakapoa. Mama Neema akachukua ndoo kwenda jikoni kuomba mengine, na mvua ya ghafla, nje kabisa ya msimu, ikamfungia hukohuko. Utaratibu tuliofundishwa ulikuwa huu: ukimaliza mkono mmoja, mtu asiye wa ofisi yako anaweka sahihi kwenye fomu kwamba ameshuhudia, ndipo uanze mwingine. Kwa hiyo nikakaa kumngoja, fomu mezani, nikitazama maji yakitiririka dirishani.

Hapo ndipo niliposikia ile ndala.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mguu mmoja ulikuwa na ndala ya bluu yenye ukanda wa kijani, ukanda umeshikizwa kwa waya. Mguu mwingine ulikuwa mtupu. Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii mawazo yako, na shati lake lilikuwa kavu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alitazama nyuma kwanza, kama aliyesalimiwa ni mwingine.

"Marahaba, binti."

Nikamweleza kwa upole kwamba ndugu husubiri nje. Akasema hatakaa, amekuja kuandikwa tu. Nikamuuliza kama anataka kumtazama marehemu, huenda anamfahamu. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekaribishwa chakula akiwa ameshiba. Kisha macho yake yakaenda kwenye fomu.

"Hapo panataka shahidi," alisema. "Niandike mimi."

Sasa wewe niambie, ungekataa? Nilikuwa na haraka, Mama Neema harudi, na mbele yangu yuko mtu mzima asiye wa ofisi yangu. Nikashika kalamu. Akataja jina pole pole, nami nikaliandika: Athumani Salehe, wa Kisanga, nyumba iliyo nyuma ya josho la ng'ombe. Akasema hajui kuandika. Nikageuka kuchukua kibweta cha wino, na nilipomgeukia tena alikuwa ameshabandika dole gumba kwenye karatasi. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vyeusi tayari, tena vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Nikawaza labda ametoka ofisi ya kata kujiandikisha kupata mbolea ya ruzuku.

"Ukifika nyumbani," akasema, "mwambie Mwajuma afunge mlango."

"Mwajuma yupi, baba?"

"Mke wangu. Analala ameurudishia tu. Mwambie afunge."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia si atamwambia mwenyewe akirudi. Akanitazama bila hasira, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo lililofundishwa jana. Kisha akageuka. Pa. Kimya. Pa. Kimya.

Ndoo ilitangulia kuingia, Mama Neema nyuma yake. Nikamuuliza kama amepishana na yule mzee koridoni.

"Kwenye korido kulikuwa na mimi na ndoo," alijibu. "Msomi, umekula mchana?"

Tukamalizia mkono wa kushoto. Sikuogopa. Nasema kweli, siku ile sikuogopa hata kidogo.

Hofu ilikuja Jumapili, chumbani kwangu Kilosa, jua limewaka, watoto wanapiga kelele uani. Nilikuwa napanga karatasi za kupeleka Jumatatu. Nikaweka lenzi juu ya alama ya dole gumba la kulia la marehemu, nikalitazama kovu lake. Sijui nini kilinisukuma kuisogeza lenzi kwenye fomu, pale pa shahidi. Kovu lilikuwepo. Limenyooka kama reli. Nikaanza kuhesabu mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, kama tulivyofundishwa, na kila nilichokikuta huku nilikikuta na kule. Nikahesabu upya tangu mwanzo.

Mtu mwingine angepiga kelele au angekimbilia msikitini. Unajua mimi nilifanya nini? Nilijilaumu. Ndivyo tulivyofundwa. Alama za watu wawili zikilingana, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe uliyezichukua: umechanganya karatasi, umechafua ushahidi. Nikajiambia kwamba nilisinzia, kwamba mimi mwenyewe nilikibandika kidole cha maiti pale pa shahidi na kuota mengine yote. Mwaka uliotangulia mwanachuo mmoja alifukuzwa fildi kwa kumwekea shahidi sahihi. Nikamwona mama yangu pale mtaani akieleza kwa nini nimerudi.

Nikaichukua ile fomu, nikaiweka juu ya mkaa wa jiko. Jina liliungua mwisho. Nililiona.

Jumatatu asubuhi nilipanda gari kwenda Mikumi, nikamwomba Mama Neema aweke sahihi kwenye fomu mpya, mikono yote miwili. Akaniuliza kama ile ya kwanza nimefungia vitumbua, akasaini bila hata kuisoma. Aliniamini. Wakati ananirudishia kalamu, nikauona mfuko wa vitu vya marehemu juu ya rafu. Plastiki yake ilikuwa inaonyesha ndani. Ndala moja, ya bluu, ukanda wa kijani, waya.

Bado ningeweza kusema. Sikusema.

Majibu yalikuja Alhamisi: alama hazipo, mtu huyu hakuwahi kujiandikisha. Ijumaa wakamzika. Mama Neema alinipigia simu baadaye, mara hii bila utani, akasema walibishana kaburini wamlaze vipi, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ni Mwislamu au Mkristo. Nilimsikiliza na jina Athumani likiwa juu ya ulimi wangu kama kaa la moto. Ningesema nimelitoa wapi?

Nikarudi chuoni. Alama za fildi zilipotoka, nilikuwa nimepata A. Nikaitwa hifadhini kwa usaili wa kujitolea, nikapita. Na ndala ikanifuata. Nilikuwa naisikia kwenye korido ya bweni saa nne asubuhi, watu wamejaa. Niliisikia maktaba. Kwenye mtihani mmoja tulipewa ripoti ya mfano, jina la marehemu limeandikwa "hajulikani", na nilipolisoma tu ikagonga nyuma ya kiti changu mara moja. Pa. Sikugeuka. Nilijua miguu gani ningeiona. Nikaacha kulala vizuri, nikawa mtu wa kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, kila baada ya muda natoka kwenda kuangalia mlango. Wenzangu wakanitania kwamba nina mgeni asiyefika.

Nilikwenda Kisanga mwisho wa mwezi wa tatu tangu lile lori limgonge. Niliyoyakuta huko nayaacha kidogo, kwa sababu nataka kwanza ujue yaliyofuata. Niliporudi nilimwandikia msimamizi wangu yote, hata yale ambayo hakuna ofisi yenye faili la kuyaweka. Kuhusu mgeni wangu hakusema neno. Kuhusu fomu niliyoichoma alisema mengi, na alikuwa na haki. Matokeo yangu ya fildi yalifutwa, narudia mwaka. Ile nafasi ya hifadhini alipewa mwenzangu. Hunitumia picha akiwa ameshika vichupa vya damu ya swala, anatabasamu. Simwonei wivu tena. Nikimaliza nitaomba kazi ile ambayo wengi darasani hawaitaki, ya watu wasiojulikana. Kaburi lile Mikumi sasa lina kibao chenye jina. Tulikwenda na ndugu zake, wakasoma dua, na Mama Neema akalia kama amefiwa yeye.

Ndala siisikii siku hizi. Lakini kutulia, hapana. Hata leo silali kabla ya kujaribu komeo mara tatu, na nikiona mtu ananyanyua kidole chenye wino natazama kwanza miguu yake. Ndiyo maana nakuambia wewe unayesoma, hasa ukiwa unasomea kazi kama yangu: usichome karatasi kwa sababu imekushinda kuieleza. Iandike ilivyo, iweke, vumilia kuonekana mjinga. Nyuma ya kila karatasi kuna nyumba, na nyumbani kuna mtu anahesabu siku.

Basi, Kisanga.

Bodaboda ilinishusha kwenye josho, jua la alasiri. Nyumba ilikuwa nyuma yake, kama alivyosema. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, umezuiwa kwa jiwe, na komeo lilikuwa linaning'inia limeliwa na kutu. Mwanamke aliyekuwa anapukuchua mahindi aliitikia shikamoo yangu bila kuacha kazi. Nilimuuliza kama yeye ndiye Mwajuma. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mwanamke wa mashamba ya vitunguu, maana majirani walishamchosha kwamba mumewe amepata mwingine huko alikokwenda kufanya kibarua. Akasema kama ndiye, nimekuja nimekonda mno.

Sikujua pa kuanzia, nikaanzia chini. Nikamweleza ndala.

Mikono yake ikasimama. "Ukanda wa kijani," alisema. "Waya nilifunga mimi."

Nikamwambia barabara, lori, alfajiri, kaburi. Hakulia. Akaniuliza tarehe, nikamtajia, akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, ajue asijue.

"Nimebakiwa na mwezi na siku kumi," alisema. "Hiyo miezi mingine nimekwenda gulioni na kanga ya maua, nacheka na watu."

Nikampa ujumbe. Nilimwambia mumewe amesema afunge mlango. Nilidhani ataniuliza amesema lini, wakati alikufa barabarani bila mtu. Hakuuliza.

"Nilikuwa namwachia," alisema, "asije akabisha hodi akaamsha watoto." Kisha akanitazama. "Amesema nifunge?"

"Amesema ufunge, mama."

Akakung'uta makapi kwenye kanga yake, akaingia ndani. Nikamsikia akiwaita watoto. Alirudi mlangoni, akaliondoa lile jiwe kwa mguu, akaniambia niende salama, giza lisinikute njiani.

Nikashuka kizingiti. Sikuwa nimefika hatua tano, mlango ukafungwa nyuma yangu, na lile komeo, kwa kutu yake yote, likaingia.