Simu ya Dada Imegoma

Watu walimwita Koili, kama ule waya ulioviringishwa ndani ya redio, kwa sababu alitengeneza redio miaka ishirini, na hata alipohamia kwenye programu za simu jina halikumbanduka. Alijifunza kazi hiyo ukubwani, miwani puani, akigombana na kompyuta kila siku mpaka wakazoeana. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kusema kweli aliipenda kazi yake kuliko wengi wanavyopenda usingizi.

Kompyuta yenyewe haikuwa yake peke yake. Mkewe, karani wa shule, alihifadhi humo alama za wanafunzi, na alikwisha kumwonya: "Baba watoto, ukigusa mafaili yangu utalala sebuleni." Basi Koili akatengeneza humo mashine pepe ya Linux, yaani kompyuta ya kufikirika inayoishi ndani ya ile ya kweli, kama mpangaji wa chumba cha uani. Huko aliweza kuvuruga atakavyo na karani asijue.

Asubuhi moja alikuwa na dada yake mkubwa, aliyekuja kumtembelea na ambaye basi lake la kurudi kwake lingeondoka saa nane mchana. Macho ya dada yalikuwa yamefifia, akabaki kuona vivuli na rangi tu. Koili alikuwa amemtungia programu ya kumtajia dawa zake kwa sauti, kila moja kwa saa yake. Bila hiyo ilibidi jirani amsomee, na jirani huyo, Mungu amsamehe, akikusomea dawa leo, kesho mtaa mzima unakupa pole. "Afadhali nife na presha yangu kimya kimya," dada alisema, na hakuwa akitania. Wiki mbili nzima alikuwa ameacha kumeza.

Ilipojaribiwa kwenye kompyuta, programu iliongea vizuri. Kwenye simu ya dada ilifunguka, ikazima papo hapo. Ili ijulikane inakufa kwa nini, simu ilibidi iunganishwe kwa waya na mashine pepe, iseme yenyewe inaumwa wapi.

Lo! Kutwanga maji kwenye kinu. Kwanza kompyuta ya nje iliidaka simu, maana mgeni akibisha, mwenye nyumba ndiye anayefungua na mpangaji hana habari. Koili akafungua orodha ya vifaa, akaitia simu alama ili ipelekwe ndani. Ikaonekana! Akashangilia mapema, masikini, kwani pembeni yake paliandikwa: haijaruhusiwa. Akabadilisha waya. Haijaruhusiwa. Akazima mashine pepe, akaiwasha upya. Akaingia chini ya meza kujaribu tundu jingine, akagonga kichwa. Haijaruhusiwa! Saa nne ikapita, saa tano nayo ikapita.

Muda wote huo dada alikaa kando, simu mapajani. Hakukubali kuiachia, alisema meza za mafundi humeza vitu.

"Simu yako hii ina kiburi," Koili akafoka.

"Haina. Ila leo inasumbua. Kila ukichomeka inatetema na kuleta kidubwasha cheupe cha kuuliza. Mimi nakikataa."

"Unafanya nini?"

"Nakataa! Si ni wewe ulinikalisha siku nzima, matapeli waliponipigia? 'Dada, simu ikikuuliza usichokijua, kitufe cha kushoto, kataa.' Leo nimekataa mara tisa, sijakosea hata moja."

Alisema kwa fahari kabisa. Koili akavua miwani. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikifundisha kung'ata yeye mwenyewe! Akacheka mpaka karani akaja kuchungulia, naye akacheka kabla hajaambiwa sababu.

"Basi sasa kubali, dada."

"Una hakika?" akauliza, kidole hewani.

"Kubali, kitufe cha kulia."

Akabonyeza. Maandishi yakamiminika kwenye mashine pepe, na sababu ikawa humo: simu ya dada haikuwa na sauti ya kusoma Kiswahili. Programu iliitafuta, ikaikosa, ikajifia. Hilo lilikuwa kosa la Koili, hakuwahi kufikiria kwamba sauti inaweza kukosekana. Na saa sita ilishagonga. Akaamua kutia sauti yake mwenyewe. Karani akafunga dirisha, akamsimamia: "Polepole, baba watoto, huu si mnada." Wakarekodi sentensi saba, Koili akazitia kwenye simu, na programu ikaongea bila kuzima. Kisha wakayafunga makopo ya dawa kwa mipira ya kufungia noti, hili mmoja, lile miwili, ili vidole vya dada vijue lipi ni lipi, naye akaliwahi basi lake.

Saa mbili usiku dada akapiga simu.

"Umemeza?" Koili akauliza hata kabla ya salamu.

"Kopo la mpira mmoja, kidonge kimoja, maji tele." Kisha akaongeza: "Jirani alikuja kuuliza kama nataka kusomewa. Nikamwambia asante, nimeshameza. Akageuka pale mlangoni, akaenda zake." Kicheko kikamtoka, kisha sauti ikamtetemeka. "Nimejimezea mwenyewe, mdogo wangu."

Koili akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akampa mkewe simu.