Waridi Atafuta Wema wa Bure

Waridi, ambaye majirani wanamwita Mama Uthmani, alizaliwa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, akaolewa Bwiza, na uzee ukija atataka umkute Bwiza. Duka lake la vitenge linatazamana na la Mathilde, ambaye naye anauza vitenge, na hapo ndipo penye kasheshe. Wanawake hao wawili waliacha kusalimiana tangu Mathilde alipowaita kwa maneno matamu wateja wa harusi moja, watu ambao tayari walikuwa wameshika vitambaa vya Waridi mikononi. Jirani wa Waridi, wa ukuta mmoja, ni Népomuscène muuza viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Papa Armel. Huyo hana adui. Ana ubishi tu.

Siku moja yeye na Waridi walikuwa wametoka pamoja kumzika mzee aliyejulikana kwa ukarimu. Waridi akasema, kama watu wasemavyo wakitoka makaburini, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema.

"Mwema, ndiyo," akasema Papa Armel, akikung'uta vumbi kwenye suruali. "Lakini alipenda kusifiwa. Hakuna mutu anafanya wema bure, Mama Uthmani. Ukimupa mutu maji, unataka asante. Kama hutaki asante, unataka thawabu. Kama hutaki thawabu, basi unataka ulale vizuri. Roho ya mutu ni muchuuzi."

"Roho ya nani?"

"Ya kila mutu."

"Yangu apana."

"Basi nionyeshe. Fanya jambo jema moja tu, lisikurudishie kitu. Hata furaha."

Waridi alicheka, akaenda zake nyumbani, na chakula kikamshinda. Miaka yote alikuwa akiichukulia roho yake kama sebule yake: anajua ni safi, basi hana haja ya kuinua zulia. Sasa mtu amemwambia ainue.

Akaanza na jambo gumu kuliko yote aliyoyajua. Kule Kinama alikuwa anaishi Bibi Khadidja, shangazi wa mume wake, mwanamke mwenye ulimi wa kumenyea viazi. Miguu ilikuwa inamuuma na hakuna aliyekwenda kumtazama, kwa kuwa kila aliyekwenda alirudi ametukanwa. Waridi akafunga duka mapema, akaenda. Alimwosha miguu, akamkanda kwa mafuta ya mawese, akatukanwa juu ya unene wake, upishi wake na namna anavyofunga kilemba. Moyoni akawa anasema: vizuri, hapa hakuna furaha hata chembe.

Kisha Bibi Khadidja akaanza kusimulia jinsi mume wa Waridi, alipokuwa mtoto, alivyokimbizwa na bata mzinga hadi akapanda juu ya paa la msikiti na kukataa kushuka, akiwaambia watu wamletee chakula hukohuko. Waridi alicheka mpaka akashika ukuta. Alirudi Bwiza macho yamevimba kwa kicheko, na maparachichi kikapuni aliyolazimishwa kuyabeba.

"Ulicheka," akasema Papa Armel, akimenya parachichi mojawapo. "Umelipwa. Tena na mi nimelipwa."

Mara ya pili alipanga vizuri zaidi. Atamtendea wema mtu asiyempenda, kwa siri, asijue yeyote. Basi akawa anakuja alfajiri na kufagia mbele ya duka la Mathilde, wakati Loïc, zamu wa pale, yaani mlinzi wa usiku, amelala kwenye kiti chake kofia usoni. Anaondoa maganda ya ndizi na matope, kisha anavuka barabara na kufungua duka lake kama mtu ambaye hakuna alichokifanya.

Mathilde aliona pamefagiwa. Lakini alidhani ni kazi ya Loïc. Alimsifu mbele za watu kwamba zamu kama huyo hapatikani mjini, akamwagizia chai ya maziwa na chapati. Loïc alitazama ardhi iliyofagiwa, akatazama chapati, akakubali vyote viwili.

Waridi aliona kifua kinawaka. Aliwahudumia wateja huku anauma midomo, na mchana akashindwa kuvumilia, akamweleza Papa Armel yote.

"Umekasirika kwa nini?" akauliza Papa Armel kwa upole wa kuudhi. "Si ulitaka mutu asijue?"

"Nilitaka asijue ni mi. Sikutaka ajue ni Loïc."

Papa Armel alicheka hadi akakaa juu ya boksi la viatu na kulibonyeza. Waridi mwenyewe akaona aibu, kisha akacheka pia, ingawa kidogo. Alikuwa ameinua zulia, na chini yake palikuwa na vumbi la kutosha.

Jambo la ajabu ni kwamba kesho yake alipofika na ufagio, alimkuta Loïc anafagia. Anafagia kwa bidii, hadi pembeni mwa mfereji, uso umekaza kama mtu anayelinda heshima ya ukoo. Sifa ya uongo ilikuwa imemwingia ikawa kweli. Waridi akarudi na ufagio wake, hajui kama ameshinda au ameshindwa.

Akaacha kutafuta. Wema, alijiambia, ni kama usingizi, ukiuwinda hauji.

Halafu ikaja mvua, moja ya zile za Bujumbura zinazofanya mifereji isahau kazi yake. Mathilde alikuwa amekwenda mtaa wa Asiatique kuchukua mzigo. Maji ya udongo mwekundu yalipanda ngazi za duka lake na kuingia ndani, na Loïc alikuwa peke yake, anahangaika na ndoo. Waridi alijikuta katikati ya barabara, kanga imefungwa kiunoni, kabla hajajua ameondoka kwake. Wakabeba matita ya vitenge na kuyapandisha kwenye rafu za juu. Vitenge vya Waridi mwenyewe, vilivyotundikwa nje, vikalowa chepechepe.

Mathilde aliporudi, alisimama mlangoni akawakuta wamerowa hadi vifuani. Akasema, "Karibu," kisha akaona si neno lake, akasema, "Asante, Mama Uthmani." Waridi akajibu, "Haya," akatoka.

Papa Armel alimfuata, suruali imekunjwa magotini, soksi mkononi.

"Niambie kweli. Ulipokuwa unakimbia, ulikuwa unafikiri nini?"

Waridi akatafuta moyoni. "Hakuna. Sikufikiri kitu."

"Basi haihesabiki. Kama hukufikiri, hukuchagua. Ni mikono tu ilikwenda."

"Mikono ya nani?"

Papa Armel akainama kukunjua suruali.

"Na we?" akaendelea Waridi. "Mi nilikuona pale ndani, umebeba tita kichwani. Ulipata faida gani?"

Mzee akakamua soksi. "Nilitaka kuona kama utafaulu," akasema hatimaye, lakini hata yeye hakuonekana kuamini.

Siku hizi Waridi na Mathilde wanasalimiana. Juma lililofuata mvua ile, Mathilde alimwita tena mteja aliyekuwa tayari ndani kwa Waridi, kwa maneno yaleyale matamu. Waridi alikasirika sawasawa. Jioni akijinyoosha mkekani, alijichunguza kama anajuta kuviokoa vile vitenge, jinsi mtu anavyopapasa jino kwa ulimi kuona kama bado linauma. Halikuuma. Akapanga kumwambia Papa Armel asubuhi, kisha akaona amwache na ubishi wake, akageukia ukutani.