Mlango wa Choo cha Mama

Mlango uliotaka kumuua mama yangu niliuchagua mwenyewe. Nikaupiga picha, nikaweka status. Watu wakanipongeza.

Mnaojenga, naomba mnisome mpaka mwisho.

Nilikuwa namalizia nyumba na mama alikuwa anahamia kwangu. Nikasema milango yote iwe mbao ngumu, kuanzia wa mbele mpaka wa choo chake. Sikutaka mambo ya mlango wa kubonyea ukiuegemea.

"Mimi niwekeeni mwepesi," mama alisema. "Mikono hii imechoka."

"Mama, ulinilea kwenye chumba cha pazia. Safari hii tulia."

Fundi seremala, mzee mbishi tunayemwita Kipimo, akakuna kichwa.

"Bosi, huu wa choo cha mama ufungukie nje. Mtu mzima akidondoka humo, anauziba kwa mwili wake."

"Utagonga ukuta wa korido, rangi ichubuke bure. Kwani wewe ni fundi au daktari?"

Akacheka kidogo, akafunga bawaba kwa ndani. Sikio la kufa halisikii dawa, ndugu zangu.

Haikupita miezi miwili. Jumamosi asubuhi nikasikia kishindo chooni. Puu!

"Mama?"

Nikakimbilia mlangoni.

Nikashika kitasa. Kinazunguka, lakini mlango hauendi. Nikajua kaweka komeo. Nikarudi nyuma, nikaupiga bega. Ukagoma. Nikaupiga teke. Ukagoma. Mbao ngumu si mchezo, jamani. Nikapiga tena na tena huku nalia kama mtoto, sijui mara nane, sijui kumi.

Ndipo nikasikia sauti yake, chini kabisa, karibu na miguu yangu.

"Acha, baba. Sijafunga. Ni mimi."

Nikakaa palepale.

Nipitie dirishani? Nilishaweka nondo. Ning'oe bawaba? Ziko ndani. Nikampigia Kipimo, akasema anakuja mbio. Nusu saa nzima nililala sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango wangu wa fahari, sina la kufanya ila kuongea.

"Mama, usilale."

"Silali. Umekunywa chai wewe?"

Nikapenyeza vidole chini ya mlango.

Kipimo alifika na msumeno. Nilitamani aseme "nilikwambia", nipate hata wa kugombana naye. Yeye akashika msumeno tu. Alikata upande wa juu, kazi yake mwenyewe, jasho linamtoka, akapenya kama mwizi na kumsogeza mama taratibu.

Hospitalini wakasema nyonga imevunjika. Daktari akamgeuza, akakunja uso.

"Nyonga ni ya kuanguka, sawa. Na haya mavilio ya damu mgongoni, yote haya?"

Mama alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nilianguka mara nyingi, daktari," akasema. "Ndiyo uzee huo."

Siku hizi choo chake kina pazia. Haendi mwenyewe tena, nambeba. Wageni bado wanausifu mlango wa mbele, nami naitikia asante.

Ndugu unayejenga, mlango wa choo cha mzee ufungukie nje, na uwe mwepesi. Fundi akikushauri, funga mdomo usikilize. Ukuta ukichubuka utapakwa rangi upya.

Mama yangu alianguka mara moja tu.