Halua ya Shahkoko

Mwanamke ninayetaka kuwasimulia alikufa mwezi wa pili wa baridi, na aliyemuua ni mimi. Msishtuke, sikumshika shingo. Nilimuua kwa mdomo, mdomo huu huu unaowauliza wateja kila asubuhi, "Unga huu mmeukanda au mmeupapasa tu?"

Nina tanuri la wanawake hapa Kabul, Mtaa wa Wachambua Pamba. Wenzangu wanakuja na masinia ya madonge kichwani, mimi nayapiga tambarare, nayabandika tanurini, nayatoa yameiva. Miaka ishirini na tisa nafanya hivyo, nyusi zangu zimeungua zikaota zikaungua tena. Wananiita Bi Tanuri. Jina langu halisi hawalijui, nami sikuwahi kuona kasoro yoyote.

Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume akimzungumzia mkewe mbele ya wenzake atasema "watu wangu wa nyumbani", utadhani ana jeshi huko ndani. Wazee wa zamani walisema "kichwa cheusi changu", au "dhaifu wetu", au "aliyesitirika". Mwenye watoto ni mama fulani, yamekwisha. Na bibi harusi akiingia kwa wakwe, siku ile ile mama mkwe anamvisha jina la heshima: Koko Guli, Bibi Shirini, Shahbibi. Lile alilopewa na baba yake halitajwi tena mle nyumbani. Wasichana wa siku hizi wanacheka, wanasema mambo ya kizee hayo. Zamani tuliyapigania. Mimi nilipewa Bibi Shirini na wifi yangu akanuna wiki nzima, yeye aliyepewa Gulijani tu.

Basi Shahkoko alipewa kubwa kuliko yote. Koko ni bibi wa heshima, na hiyo Shah ya mbele ni ya wafalme. Na aliyepewa alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, miguu imepasuka, ametoka milima ya Badakhshan siku kumi na moja juu ya punda. Mumewe Rajab alikwenda huko kununua manyoya ya kondoo akarudi na mke. Mama yake Rajab alikuwa mtu wa makuu; alikuwa maskini wa kutupwa, lakini alitaka majirani wasikie akimwita mkwewe kama anaita mke wa mfalme. "Shahkoko, lete maji! Shahkoko, kasugue sufuria!" Tulikuwa tunajiumauma midomo tusicheke.

Alichambua pamba na mumewe miaka yote hiyo, akashona mifarishi. Mapafu yake yalijaa vumbi la pamba, akikohoa unamsikia kabla hajakunja kona. Mtoto hakujaliwa. Vita vilipoingia mjini, roketi ikamkuta Rajab mlangoni mwa duka. Baada ya hapo akaishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya msikiti, anashona mifarishi ya maharusi wa wenzake.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho hapa duniani, mdogo wake. "Mtoto wangu wa mgongoni", ndivyo alivyomwita. Mama yao alikufa siku ya kumzaa, yeye Shahkoko ana miaka tisa, akambeba mgongoni tangu siku hiyo. Alipoolewa, mtoto ana miaka saba. Huyo mtoto alikimbia nyuma ya punda mpaka darajani, wakamshika pale, akawa anaita, anaita, mpaka sauti ikamkauka. Baadaye baba yao akafa, ami akamchukua mtoto wakavukia Iran wakati wa Warusi. Msafiri mmoja aliwahi kuleta habari kwamba yu hai. Kisha kimya, miaka zaidi ya ishirini.

Kila Ijumaa akija na donge lake moja la unga, huuliza lile lile.

"Bi Tanuri, hakuna aliyekuja kuniulizia?"

"Hakuna, shoga yangu."

"Atakuja. Njia za Iran zimefunguka sasa."

"Akija nitamlisha mikate mpaka apasuke."

Tukacheka. Nilimsikia akisema hivyo kwa miaka, na mimi kichwani mwangu namwona mtoto wa miaka saba mwenye kamasi. Na sikuwahi kumuuliza, siku ile darajani mtoto alikuwa anaita nini.

Vuli iliyopita, siku ya Jumanne, mwanamume alisimama kwenye kidirisha changu. Ana mvi, koti zuri, viatu vya mjini.

"Salamu alaikum, mama."

"Wa alaikum salamu. Hapa ni kwa wanawake, baba. Mikate ya kununua iko barabarani."

"Sitafuti mkate. Namtafuta Sanobar."

Walahi, wanawake wote saba waliokuwepo tanurini wakavuta mitandio usoni.

"Unamtafuta nani?"

"Sanobar. Aliolewa mtaa huu zamani. Nimeuliza msikitini, nimeuliza madukani. Wananiambia wao hawajui majina ya wanawake, nije nikuulize wewe."

"Na wewe unayajua majina ya wanawake, ee? Umetokea wapi?"

"Mashhad, huko Iran."

"Ndiyo maana! Huko mnanadi majina ya wake za watu kama mnauza vitunguu. Hapa ni mtaa wa watu wenye haya zao."

Mke wa mchinjaji akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Nami nikichekewa, navimba kichwa. Huo ndio ugonjwa wangu.

"Mama, nisikilize kidogo tu..."

"Nikusikilize nini? Miaka ishirini na tisa niko hapa, hakuna donge linaloingia humu ambalo mwenyewe simjui. Hakuna Sanobar. Hajapata kuwepo. Nenda zako baba, kabla waume zao hawajasikia."

Alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. Akakiachia.

"Basi amekufa," akasema, polepole, hakuwa akiniambia mimi.

"Mungu amrehemu," nikasema, nikageukia mikate yangu isiungue.

Sikumuuliza, Sanobar ni nani wako. Maneno manne! Mpita njia akiuliza choo kiko wapi namuuliza kwao, baba yake nani, amekula nini. Huyu sikumuuliza.

Alhamisi yake, baada ya sala ya alasiri, spika ya msikiti ikasikika. Imamu akasema msafiri mmoja amewapikia watu halua kumrehemu "aliyesitirika mmoja wa ukoo wake", tumsomee Fatiha. Mke wa imamu, Mama Yahya, akatuletea sinia tanurini. Shahkoko alikuwepo, amekaa karibu na moto kwa ajili ya kifua chake.

"Marehemu nani?" nikauliza.

"Sijui, imamu kasema ni aliyesitirika tu. Mle, mumwombee."

Tukala. Shahkoko akachota kwa kipande cha mkate, akatafuna, akafumba macho.

"Loo! Imetiwa njugu za jozi na mafuta ya kondoo. Hii ni halua ya kwetu milimani."

"Kwenu milimani mnajua sukari nyinyi?"

"Tena nyingi, usinichokoze. Hii imezidi kidogo. Kapika mwanamume." Akanyanyua mikono yake ile iliyokakamaa kwa sindano. "Mwenyezi Mungu, huyu mwenzetu aliyekufa msamehe, mpanulie kaburi lake. Na huyu aliyempikia umrudishe kwao salama."

"Amin," tukaitikia sote. Akachukua na kipande cha kwenda nacho nyumbani.

Baridi ilipoingia kifua kikamlaza. Nikawa nampelekea mkate na mchuzi wa turnipu jioni nikishafunga. Jioni moja akanishika mkono, viganja vinachoma.

"Bi Tanuri, nikiondoka kabla hajaja, nataka umwambie niliko. Umwonyeshe kaburi."

"Acha maneno hayo. Kunywa mchuzi."

"Nisikilize. Hataniulizia Shahkoko. Hilo hakulijua, nilipewa huku. Atasema Sanobar. Alikuwa akiniita hivyo hivyo, hajui kusema dada. Siku ya darajani aliita Sanobar, Sanobar, mpaka akapoteza sauti. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita tena. Mtu akiuliza Sanobar, ndiye mimi."

Bakuli likaniponyoka, mchuzi ukamwagika juu ya mfarishi.

"Umeungua?" akaniuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

Nikasema ndiyo, nimeungua. Nikatoka mbio mpaka kwa imamu, nikagonga mlango kama polisi. Nikamuuliza, yule msafiri wa halua alisema marehemu wake anaitwa nani? Imamu akafungua msahafu wake akatoa kikaratasi. Kimeandikwa kwa mkono mzuri: Sanobar binti Haidar. Mwombaji: nduguye, Mirdad.

"Jina ulilishika mkononi," nikamwambia. "Kwa nini hukulisoma?"

"Kwenye spika, Bi Tanuri? Mbele ya wanaume mia mbili? Nilimheshimu."

"Ndiye Shahkoko! Chumba chake kiko nyuma ya ukuta wako! Angesikia!"

"Sikujua," akasema, na akaanza kulia pale pale mlangoni, mzee wa watu. "Wewe ulijua?"

Nikamuuliza msafiri yuko wapi. Mirdad aliondoka Ijumaa kwa basi la Herat, akavuka mpaka. Hakuacha anuani, kwani angemwachia nani?

Majuma mawili nilifunga tanuri kila adhuhuri nikaenda kituo cha mabasi ya Herat. Nikawapa madereva karatasi: Mirdad mwana wa Haidar, wa Badakhshan, yuko Mashhad, aambiwe Sanobar yu hai. Dereva mmoja akaniambia, "Mama, Waafghani wa Mashhad ni kama punje za mchele kwenye gunia. Nitauliza." Waliulizia, sina neno nao. Hawakumpata.

Nikarudi mara hiyo ya mwisho na theluji mabegani, nikamkuta Shahkoko anapumua juu juu. Akafungua macho.

"Hakuna aliyekuja kuniulizia?"

Ningeweza kumwambia hakuna. Ningemwambia yuko njiani, akafa anatabasamu, na mimi leo nawasimulia mambo mengine. Lakini nilishamdanganya mtu mmoja kwa kujifanya najua. Nikamwambia yote: kidirisha, vitunguu, kicheko, yote.

"Ana mvi?"

"Ana mvi. Na koti zuri."

"Mirdad ana mvi!" Akatabasamu, naapa alitabasamu. Kisha akaniangalia. "Ukamwambia nimekufa."

"Sikusema umekufa. Nilisema mtu kama huyo hajapata kuwepo."

"Heri ungesema nimekufa."

Nikapiga magoti, nikamwambia nisamehe, Sanobar. Ndiyo mara ya kwanza nalitaja, na likanikaa vibaya mdomoni kama jino la mtu mwingine. Alikuwa anawaza kitu, nikauona uso wake unabadilika kidogo kidogo, na mimi nikajua anakokwenda na sikuwa na namna ya kumzuia.

"Ile halua," akasema.

"Shoga yangu."

"Niliila. Nikasema sukari imezidi."

Akageukia ukutani. Siku tatu aliishi, na hakusema neno tena, kwangu wala kwa mtu. Kunisamehe hakunisamehe. Msije mkaniambia alisamehe moyoni, nilikuwepo.

Tulimwosha sisi wanawake. Chini ya mto tulikuta kipande cha mkate kimefungwa kwenye kitambaa, kimekauka kama kigae, na juu yake halua. Alikuwa amemwekea mdogo wake aonje cha kwao.

Kwenye ubao wa kaburi wameandika: Aliyesitirika Shahkoko, mjane wa marehemu Fundi Rajab. Nilikwenda kwa imamu nikamwomba, walau hapo, andikeni Sanobar, huenda mtu akapita. Imamu akakubali, lakini wazee wa mtaa wakakataa. Mchinjaji akaniambia, "Bi Tanuri, alitunza heshima maisha yake yote. Usimvunjie leo."

Alhamisi ya kwanza wakaja wanawake tanurini na unga, sukari, na samli, kila mmoja na fungu lake. Mke wa mchinjaji akakunja mikono ya gauni.

"Bi Tanuri, tupe sufuria. Tumpikie Shahkoko halua yake."

Nikawaambia warudishe sukari yao nyumbani. Halua yake ilishapikwa tangu vuli, tukala sote, na yeye alikuwepo.