Vidonge Vilivyomkondesha Mama Watoto

Ashukuriwe Mwenyezi Mungu, aliyeumba kichwa kimoja chenye pande mbili, akakiwekea moyo mmoja wa kukitumikia. Namshukuru kwa uzee huu alionipa, na kwa kuniachia kumbukumbu, hata za siku ambazo niliomba zipite haraka.

Mke wangu hakuwa na presha kabla ya vita. Labda alikuwa nayo na hatukujua, maana sisi watu wa kijiji cha Kaagya tulikwenda hospitali kwa malaria na kwa uzazi tu. Lakini mabomu yalipoanza kusikika kutoka upande wa mto Kagera, tulifunga mlango tukakimbilia Muleba kwa wazazi wake, na huko nikaona kitu kimemwingia mwilini. Kwa kila kishindo alishika kifua. Vita vikaisha, tukarudi kwenye kibanja chetu, tukapalilia migomba na kuchuma kahawa, lakini yeye hakutulia. Jirani akikata mkungu ukaanguka chini, mke wangu aliyekuwa ndani akimenya ndizi aliruka na kisu mkononi. Kila asubuhi kichwa kilimuuma kisogoni.

Daktari wa hospitali ya misheni, mzee aliyependa kueleza mambo, alimpima mkono wa kulia, akampima wa kushoto, kisha akarudia.

"Presha iko juu, mama. Mikono yote miwili."

"Daktari, vita vimekwisha," mke wangu akamjibu. "Huu moyo haujapata habari?"

Mzee akacheka. "Moyo unangoja habari kutoka kwenye ubongo."

Akatueleza kwamba mtu akiogopa, ubongo unaamuru kemikali zimwagike kwenye damu, moyo ukimbie na mishipa ijibane. Hofu ikipita, amri hiyo hufutwa. Kwa watu wengine haifutwi yote. Hata hivyo, akasema, tusiilaumu hofu peke yake, maana chumvi imo na kurithi kumo. Kisha akajigusa kichwa upande huu na upande huu. Upande wa kushoto wa ubongo unaongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaobeba maneno. Ule wa kulia unaongoza mkono wa kushoto, na una kazi kubwa katika sauti za nyimbo.

"Wapo wanaochunguza kama pande hizi zinagawana pia kazi ya kuutuliza moyo," alisema. "Bado hawajakubaliana. Ninalolijua ni kwamba presha ikiachwa inaweza kupasua mshipa kichwani au kuuziba. Hapo utapoteza kile kilichokuwa upande ulioumia."

Akampa vidonge. Kimojawapo kilikuwa cha kutoa maji mwilini. Maumivu ya kichwa yakapungua, uvimbe wa miguu ukaisha, na uso ukawa mwembamba. Miaka mingine watu wangesema amependeza.

Lakini ilikuwa imefika miaka ya ule ugonjwa. Rubafu, alikoolewa dada yangu, kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kuwasha moto. Tulizika, tukarudi nyumbani kubadili nguo, tukaenda kuzika tena. Kukonda lilikuwa neno ambalo hukulitamka mbele ya mwenye mwili wake. Siku moja msibani, jirani yetu mmoja mwenye ulimi mwepesi alimtazama mke wangu akasema, "Waitu, mwenzetu, siku hizi baba watoto anakula peke yake?"

Wanawake wakacheka. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na kule kunyamaza ndiko kulikomuumiza.

Tulipofika nyumbani alinigeuzia mgongo. "Nitazame nyuma. Nimekwisha?"

"Hujakwisha."

"Wewe hujui kudanganya."

Kupima damu wakati huo kulikuwa kwa shida, na hata angepima, nani angesadiki majibu tuliyoyaleta wenyewe? Akaanza kuvaa gomesi, lile gauni refu na pana la sherehe, kila siku, na ndani yake akijifunga kikoi mara mbili ili nyonga zionekane, hata akienda kuchuma maharage. Niliona jasho linavyomtoka. Hakuwa anajipamba. Binti yetu mkubwa alikuwa na mchumba kule Bilele, mjini Bukoba, na mshenga alikwishafika mara ya kwanza. Wazee wa siku zile walimtazama kwanza mama wa msichana, ndipo wakamtazama msichana. Posa nyingi zilivunjika bila mtu kutaja sababu.

Baada ya muda akaanza kunenepa. Watu wakamsifu njiani, "Sasa umerudi!" Nami nilifurahi, mpaka Jumapili moja kanisani. Kwa sababu ya kile kidonge, mke wangu alikuwa hawezi kumaliza Misa bila kutoka nje. Padri aliwahi kututania kwamba akimwona mama huyu anasimama mara ya pili, anajua mahubiri yamekuwa marefu. Jumapili ile alikaa mpaka baraka ya mwisho. Nilimtazama ametulia kwenye benchi, viatu vimembana miguu iliyovimba, na sala zangu zikakatika.

Njiani nikamwambia, "Umeacha dawa."

"Wakwe wakishapokewa na kutoa mahari nitameza zote."

"Presha haimngoji mshenga."

"Basi wewe waeleze ninakonda kwa nini. Simama kanisani utangaze mkojo wangu."

Nilimsihi siku hiyo na siku zilizofuata. Nikamwomba padri aseme naye. Akamsikiliza padri kwa heshima zote, akarudi na msimamo wake. Tangu hapo niliishi kwa kusikiliza. Kikombe kikianguka jikoni, nilisimama. Akikaa kimya kidogo, nilimwita kwa jambo lisilo na maana ili nisikie sauti yake.

Siku ya wageni ikafika. Walikuja na pikapu, wazee wakiwa wamevaa kanzu, pamoja na shangazi wa kijana, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa. Mke wangu akapiga magoti kuwakaribisha, akanyoosha kikapu kidogo cha akamwani, zile buni za kutafuna tunazompa mgeni. Kikapu kikainama. Buni zikamwagika mkekani. Akajaribu kuomba radhi, na kilichomtoka mdomoni hakikuwa Kihaya wala Kiswahili. Mzee mmoja alicheka akidhani ni utani. Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. "Mnacheka nini? Mkono wake! Leteni gari!"

Pikapu iliyoleta posa ndiyo iliyombeba mama wa msichana hadi hospitalini.

"Ni upande wa kushoto wa ubongo," alisema yule daktari mzee, bila kutulaumu. Mkono wa kulia ulilala. Maneno yakapotea. Alinitazama akitaka kuniita, akashindwa, akalia.

Jioni moja wanawake wodini walimaliza rozari wakaimba wimbo wa Mama Maria kwa Kihaya. Mke wangu akaimba nao. Maneno yalikuwa kamili, kila moja mahali pake. Nikapiga magoti. Nilipomsimulia daktari akasema, "Ni Mungu. Na ni ule upande wa kulia, haukuumia." Sikuona ugomvi kati ya majibu hayo mawili.

Hata hivyo hofu yangu ilibaki kwa wakwe. Shangazi alipokuja na chupa ya uji, sikumzungusha. "Mama, huyu atakonda tena. Dawa yake inatoa maji mwilini. Nakuambia leo ili msije mkasikia kwa watu."

Akanikazia macho. "Mzazi mwenzangu, unadhani sisi hatujui presha? Mama yangu mkono wake ulilala hivi hivi." Kisha akamwinamia mgonjwa. "Na wewe, kumbe ulikuwa unajinenepesha kwa ajili yetu? Meza dawa! Tumekuja kuoa msichana, hatukuja kununua ng'ombe."

Mke wangu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye vidonge.

Siku ya harusi alivaa gomesi bila kile kikoi cha ziada, nayo ikamning'inia. Hakuweza kumsalimu mgeni hata mmoja kwa jina. Wimbo ulipoanza aliimba mpaka mwisho, kisha akamshika shangazi bega, wakatoka nje pamoja, maana kidonge kilikuwa kimefanya kazi yake.

Mungu alinipa kukaa naye miaka mingine mingi. Sikuacha kusikiliza vikombe.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana aulinde moyo wako na pande zote mbili za kichwa chako. Akuepushe na macho ya watu yanayoweza kukufanya uiache dawa yako, na akujalie mtu wa kukusikiliza unapokaa kimya. Amina.