Shemeji Alionja Kwanza

Mjukuu wangu ni daktari, anaandika kuhusu watu waliopigwa na kiharusi. Makala zake zinajaza begi zima. Nyingine kaniletea nyumbani. Ni za Kiingereza, sisomi hata mstari, lakini jina letu nalijua lilivyo. Mahali pengine limekaa la kwanza, pengine katikati. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Bibi, anayetangulia ndiye aliyelima. Wa mwisho mara nyingi ndiye mwenye shamba." Basi nikawatangazia wanawake wote tunaoteka nao maji kwamba mtoto wangu kalima kuliko waume zao. Nilijisifu mno. Sikujua kwamba nitakuja kuyaogopa aliyoyaandika kuliko ninavyoogopa radi.

Babu yake alianguka asubuhi, kwenye maharage. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, maneno yakabaki machache. Hospitali ya Kasulu wakamlaza, wakaturudishia akiwa hai. Mjukuu akaja kutoka Dar es Salaam, akanikuta jikoni nakoroga uji mwepesi wa mgonjwa. Akanishika mkono.

"Bibi, hiki ndicho nilichoandika mwanzo kabisa. Wengi niliowafuatilia hawakuuawa na kiharusi. Waliuawa na uji, wamesharudi nyumbani, mikononi mwa watu wanaowapenda."

Koo nalo limepooza kama mkono, akasema. Kitu chepesi kinapotea njia, kinashuka mapafuni.

Akanifundisha. Mzee akae wima, kidevu chini. Uji mzito usiotiririka, kijiko kidogo, ameze, kisha atoe sauti. Sauti ikiwa na maji ndani, kama mtungi unaojazwa, acha hapo hapo. Nikaamua sauti hiyo iwe salamu yetu, maana Muha hata afe nusu hasahau kusalimia. Namwambia, "Mwakeye." Naye anajibu, "Mwakeye." Ikitoka kavu, kijiko kingine.

Mjukuu akarudi kazini, hofu akaniachia mimi. Nikawa naogopa vikombe. Nikawa naogopa wageni, na kwetu mgonjwa hakosi wageni, na mgeni haji mikono mitupu. Huyu kaja na maziwa, yule na togwa. Nikipokea naficha. Wakaanza kusema namshindisha mzee njaa ili nibaki na shamba lake la kahawa.

Ndipo akaja shemeji yangu kutoka Mabamba, mdogo wake mzee, na pombe ya ndizi nyuma ya baiskeli.

"Shemeji, leta mrija. Kaka yangu kakauka kama ubao."

Nikamwambia, "Hiyo itamuua."

Neno lilipotoka ndipo nikaona nimelitupa vibaya. Ukimwambia aliyeleta pombe kwamba itaua, umemwita mchawi. Alitumbukiza mrija, akavuta yeye kwanza, akameza, akapanua mdomo nione hadi kooni.

"Nimeonja. Nani kafa?"

Kisha akamwekea kaka yake mrija mdomoni.

Ningekataaje? Aliyeonja amejisafisha. Ukimkatalia baada ya hapo umetangaza ugomvi ambao wajukuu wataurithi. Na mzee mwenyewe aliutazama ule mrija kama mtoto anavyotazama ziwa la mama yake. Mikono yangu miwili ikapooza kuliko wake mmoja.

Akavuta. Nikangoja akohoe. Hakukohoa, na mjukuu alikuwa ameshaniambia kwamba kimya ndicho kibaya zaidi. Midomo ikabadilika rangi, ikawa kama zambarau. Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena, mpaka pombe ikamwagika miguuni kwa mdogo wake na kikohozi kikaja.

"Mwakeye," nikamwambia.

Akajibu. Sauti ilikuwa imejaa maji.

Nikampigia mjukuu simu. "Sikiliza pumzi yake, bibi. Homa ikija tu, mpeleke Kasulu, usingoje."

"Hao uliowaandika, waliofika hapa walipona?"

Akaniuliza gari la kukodi liko wapi. Mwenye begi zima la makala akaniulizia gari, na mimi nikajua.

Shemeji hakurudi kwake. Alikaa ukutani, macho kwenye kifua cha kaka yake.

"Shemeji, nilionja. Uliniona."

"Nilikuona. Kwako ilikuwa pombe."

Homa ilikuja. Tukakodi gari, shemeji kampakata kaka yake njia nzima kama mzigo wa mayai, kila shimo la barabara akiomba msamaha, sijui alikuwa anamwomba nani. Mzee alirudi, lakini alirudi mifupa.

Siku hizi shemeji anashinda kwangu, ndiye mlinzi wa mlango. Mgeni akifika na kikombe anamwambia, "Hata mimi nilionja. Weka chini, kaa utazame." Mjukuu anataka kuliandika hili la kuonja. Anasema wenzake huwakataza ndugu wasimnyweshe mgonjwa, halafu wanashangaa kwa nini hawasikiwi. Hawajui kwamba kwetu katazo hilo ni tusi. Akaniuliza, "Niseme babu kapona?"

"Sema bado anakula," nikamjibu. "Usimzidishie."

Leo nimeinua kijiko kama kila siku. Kidevu chini. Kameza, nimeona koo likipanda na kushuka. Nimemsalimia. Shemeji kaacha kutafuna muhogo wake, tumemkodolea mzee macho mdomoni, tunasubiri.